Milioni 2 za wahitimu: vishikwambi, runinga au projekta?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nafundisha Fizikia na Hisabati katika sekondari ya kata mkoani Singida. Wahitimu wa shule yetu wamechanga shilingi milioni 2 kwa sharti moja, zinunue vifaa vya kisasa vya kufundishia. Mkuu wa shule anataka vishikwambi 8 vya wanafunzi. Mwalimu wa taaluma anataka runinga ya inchi 43 ukutani. Mimi nilifikiria projekta. Umeme upo ila unakatika, intaneti ni bando la mwalimu mwenyewe, wanafunzi hawaruhusiwi simu, na mkondo mmoja una wanafunzi 64. Bodi inakaa baada ya wiki mbili. Tununue nini?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Hongereni kwa kuwa na wahitimu wasiosahau walikotoka.

Kabla ya kikao hicho, kesho jioni darasa likiwa tupu, andika sentensi mbili ubaoni kwa mwandiko wako wa kila siku, kisha uende ukakae dawati la nyuma kabisa, lile la kona linalokaliwa na warefu na watoro. Utaona wanachokiona wao. Kila kifaa nitakachokitaja hapa kipime kutoka dawati hilo. Nimefunga vifaa katika shule nyingi, na vingi vilivyoishia stoo viliishia huko kwa kuwa vilichaguliwa na mtu aliyekaa ofisini, mita 1 kutoka kwenye skrini.

Nianze na vishikwambi vya mkuu wa shule, maana ndivyo vitakavyokutoa jasho kwenye kikao. Vishikwambi 8 kwa wanafunzi 64 ni wanafunzi 8 kwa kimoja. Mmoja atakishika, wawili watachungulia, watano watapiga soga. Na kwa milioni 2, kila kimoja hakiwezi kuzidi shilingi 250,000, yaani vile vya betri inayochoka mapema na kioo kinachopasuka kikianguka mara moja tu kwenye sakafu ya saruji. Hapo hujanunua makasha ya kuvilinda wala kabati la kuvichajia, na hujajibu ufunguo anakaa nao nani.

Jambo hili limeshajaribiwa kwa ukubwa ambao mimi na wewe hatuufikii. Peru iligawa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule za msingi vijijini, na watafiti wakafuatilia shule zaidi ya 300. Matokeo yalipotoka 2012, watoto waliopewa walikuwa wanatumia kompyuta zaidi ya wenzao, lakini alama zao za hisabati na lugha hazikuwa zimepanda. Mweleze mkuu wako hivyo kwa adabu, asije akadhani unampinga kwa kuwa unaitaka projekta yako. Na umwambie kwamba vishikwambi anavyovitaka huenda tayari vipo shuleni: baada ya Sensa ya Agosti 2022 serikali iligawa kwa walimu vile vilivyotumiwa na makarani wa sensa. Fungueni droo. Kama viwili au vitatu bado vinawaka, nitavipangia kazi chini huko.

Mwalimu wa taaluma naye ana hoja. Runinga haihitaji giza, ya inchi 43 hula wati 60 hadi 100 tu, na haina taa ya kubadilisha. Tatizo lake ni kimo. Mafundi tuna kanuni rahisi: anayetakiwa kusoma maandishi asikae mbali zaidi ya mara 6 ya kimo cha picha. Picha ya inchi 43 ina kimo cha sentimita 54 hivi. Zidisha kwa 6 upate mita 3.2, yaani safu ya pili au ya tatu ya madawati. Darasa lenu lina mita 8 au 9 kwenda nyuma. Wa mbele watasoma, wa katikati watakisia, wa nyuma wataangalia rangi. Mngekuwa na chumba kidogo cha wanafunzi 15 wa mchepuo fulani, ningekuunga mkono uinunue leo. Kwa 64, hapana.

Picha ya projekta yenye upana wa mita 2 na kimo cha mita 1.5, kwa kanuni ileile, inasomeka hadi mita 9. Kwa hiyo, Mwalimu, wazo lako ndilo, ila projekta ndiyo bidhaa yenye uongo mwingi kuliko zote utakazokutana nazo dukani. Nakuambia hili kwa aibu. Niliwahi kuinunulia shule moja projekta ndogo nyeupe, nzuri ya kubeba kwapani, kasha limeandikwa lumeni 9,000. Dukani, ndani ya chumba kilichofungwa pazia, iling'aa kama sinema. Siku ya kuizindua, saa 4 asubuhi, wageni wamekaa, ukutani hakikuonekana kitu. Tukaenda kuchukua mablanketi bwenini tukaziba madirisha. Picha ikatokea, hafifu, na ndani ya dakika 10 darasa la watu 70 bila hewa likawa tanuri. Mgeni rasmi alihutubia nje, chini ya mwembe.

Lumeni ni kipimo cha mwanga, na kinachotakiwa kuandikwa ni lumeni za ANSI, yaani zilizopimwa kwa kiwango cha taasisi ya viwango ya Marekani, au zile zilizopimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 21118. Kasha likiandika "lumeni 9,000" bila neno ANSI wala ISO, mara nyingi kifaa hicho hutoa mia moja au mia chache za kweli. Hesabu yake unaifahamu kuliko mimi: picha ya mita 2 kwa 1.5 ina mita za mraba 3, lumeni 3,000 za kweli zitakupa 1,000 kwa kila mita ya mraba, na hapo unafundisha madirisha yakiwa wazi ilimradi jua lisipige ukuta wenyewe. Lumeni 300 zitakupa 100, na mablanketi ya bweni. Chini ya 3,000 za ANSI usishuke. Kama fedha inabana, bora projekta ya ofisi iliyotumika, ya chapa inayojulikana kama Epson au BenQ, kuliko mpya isiyo na jina. Ila ya kutumika uombe kuona saa za taa: kwenye menyu yake kuna sehemu inayoonyesha taa imewaka saa ngapi. Muuzaji anayekataa kuifungua menyu hiyo, muage.

Taa nyingi za projekta za darasani hudumu saa 4,000 hadi 6,000. Mkiitumia vipindi 4 kwa siku, ni saa 2 na dakika 40. Kwa mwaka wenye siku 190 na kitu za masomo ni kama saa 500. Taa ya saa 5,000 inawavusha miaka 10. Wanaosema taa zinaungua kila mwaka mara nyingi wanaziua wenyewe kwa kuchomoa waya ukutani kipindi kikiisha. Taa ile ina joto kali, na feni inatakiwa iendelee kuipoza baada ya kuzimwa. Umeme ukikatika ghafla, kosa linakuwa lilelile bila mtu kugusa kitu. Kwa hiyo UPS ndogo ya VA 650, ile betri ya dharura inayoshika umeme ukikatika, inunueni pamoja na projekta. Haiwezi kuendesha kipindi kizima, wala si kazi yake. Inakupa dakika chache za kuizima kistaarabu. Na vumbi la Singida unalijua mwenyewe: chujio la hewa lifutwe kwa brashi laini mara moja kwa mwezi, zamu hiyo iandikwe kwa jina la mtu.

Pazia la projekta msinunue. Chagueni ukuta wenye kivuli, pakeni rangi nyeupe ya maji isiyong'aa, mchore fremu nyeusi pembeni. Fedha mliyookoa nunueni rimoti ya kubadilisha slaidi, ile ndogo kama kalamu yenye kipande cha USB. Wengi huiona anasa. Kwangu mimi ndicho kifaa chenye faida kubwa kuliko bei yake darasani, kwa sababu inamtoa mwalimu mbele. Ukiwa na rimoti unafundisha umesimama kando ya dawati la kona, na soga huko inakufa yenyewe.

Kompyuta mpakato: iliyotumika, ya daraja la ofisi, yenye diski ya SSD na RAM ya GB 8. Hiyo inatosha kabisa. Angalieni tundu la HDMI, lile la kisasa la kupitisha picha na sauti, kwani projekta za zamani zina VGA, tundu la picha tu, na mkikosa adapta siku ya kwanza mtabaki mnatazamana. Kwa ugawaji, nusu ya milioni 2 iende kwenye projekta, robo kwenye kompyuta, na robo ya mwisho kwenye UPS, spika, ekstensheni nzuri, rimoti, waya wa HDMI wa mita 10, na begi au kisanduku cha kufungia vyote pamoja. Hilo ni kadirio langu. Bei za Kariakoo hubadilika kwa juma.

Sola ni mradi mwingine, lakini ujue namba zake mtu asije akawauzia ndoto. Projekta ya taa hula wati 250 hadi 300, kompyuta wati 50. Betri ya kawaida ya volti 12 yenye Ah 100 imebeba Wh (wati-saa) 1,200, na kama ni ya madini ya risasi si busara kutumia zaidi ya nusu. Ukiondoa kinachopotea kwenye inveta, betri hiyo inakupa chini ya saa 2. Hivyo ni vipindi viwili vya mfululizo, si siku nzima.

Sasa vile vishikwambi vya droo. Kuna programu ya bure inaitwa scrcpy. Unaiweka kwenye kompyuta, unachomeka kishikwambi kwa waya wa USB, na kila kilicho kwenye kioo cha kishikwambi kinatokea kwenye kompyuta na hivyo ukutani. Haitumii bando hata chembe. Mara ya kwanza utahitaji kufungua chaguo la USB debugging ndani ya mipangilio ya Android. Ni jambo la dakika 5. Ukishaweza hapo, kishikwambi kimekuwa ubao wa kielektroniki: unaandika kwa kidole huku ukitembea hadi waya unapoishia. Na kamera yake ikiwashwa juu ya meza, imefungwa kwenye kiboksi cha biskuti kilichotobolewa, unawaonyesha wote 64 jinsi sindano ya ammita inavyosogea au jinsi mwenzao alivyokosea hatua ya tatu kwenye daftari. Mwalimu wa Baiolojia atakuonea wivu. Chura mmoja aliyepasuliwa anatosha darasa zima. Ubao janja wa mamilioni unaofanya kazi hiyohiyo ukiharibika unasubiri fundi kutoka Dar. Kiboksi cha biskuti kinasubiri biskuti.

Vya kuonyesha navyo vipo, na karibu vyote havihitaji intaneti wakati wa somo. Kwa Fizikia anza na PhET, michezo-majaribio iliyoanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na Carl Wieman, aliyekuwa amepata Nobeli ya fizikia mwaka uliotangulia. Kila jaribio linapakuliwa kama faili moja unaloliweka kwenye fleshi na kulifungua kwa kivinjari cha kawaida. Lile la kuunga saketi unaweza kulitumia kipindi kizima: unaweka betri, waya, balbu, unawauliza wanyooshe mikono nini kitatokea nikiongeza balbu ya pili kwa msururu, halafu ndipo unaiongeza. Usiwaonyeshe kabla hawajabashiri. Jaribio lisilotanguliwa na ubashiri ni sinema. Baadhi yake yana tafsiri ya Kiswahili, nayo husaidia sana kwa Kidato cha Kwanza ambao bado wanahangaika na Kiingereza cha darasani, ingawa istilahi za mtihani wawe nazo kwa Kiingereza.

Kwa Hisabati ni GeoGebra, ambayo Markus Hohenwarter aliianza 2001 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Grafu ya y = ax² + bx + c yenye vitelezi vya a, b na c inaeleza kwa dakika 3 kile ambacho ubaoni kinakula chaki 2. Sitasema mengi hapo, utaizoea wiki moja.

Video tumia kwa kiasi. Si kwa sababu ni mbaya. Kuna siku mvua itanyesha juu ya bati na spika yako haitasikika hata dawati la kwanza. Chagua zenye maandishi chini, au zizime sauti usimulie mwenyewe. Mwalimu anayejua somo lake ni msimulizi bora kuliko sauti ya mtu wa mbali anayezungumza haraka.

Hazina ya kuchotea iwe ndani ya kompyuta yenyewe. Kolibri, programu ya bure ya Learning Equality iliyotoka 2017, inahifadhi video za Khan Academy, majaribio ya PhET na mazoezi ndani ya diski. Ukiunganisha kompyuta na rauta yoyote ya Wi-Fi, hata isiyo na laini ya intaneti, vishikwambi vilivyo chumbani vinafungua hazina hiyo kwa kivinjari. Kiwix inafanya hivyo kwa Wikipedia: ya Kiswahili ni ndogo na inaenea popote, ya Kiingereza yenye picha zote inazidi GB 100, kwa hiyo chukua toleo lisilo na picha au la mada chache. Kupakua fanya mara moja, mjini, kwenye intaneti ya ofisi ya rafiki, urudi na diski ya nje. Vitabu vya kiada vimo kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, unajisajili na kusoma bila malipo. Navyo uvipe kipaumbele, kwani mtaala ulioboreshwa ulianza kuingia kwa awamu Januari 2024, na video nzuri ya nje inaweza kufundisha vizuri sana kitu ambacho hakimo kwenye muhtasari wako.

Wengi hukutana na Raspberry Pi mtandaoni, kompyuta ya ukubwa wa kiganja, na kutaka kuifanya seva ya shule. Ni kifaa kizuri na hakizidi wati chache. Kwenu kwa sasa kompyuta mpakato inaifanya kazi hiyo, na ina betri yake ndani. Pi isubiri.

Nikupe jaribio moja linalotumia simu mbili, yako na ya mwalimu mwenzako, kwa kuwa najua maabara yenu haina vifaa vya kupimia kasi ya sauti. Pakueni phyphox, programu ya bure ya Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani. Ndani yake kuna saa inayowashwa na kuzimwa na sauti. Wekeni simu mbili mita 5 kamili kutoka moja hadi nyingine. Mwanafunzi aliyesimama kwenye simu ya kwanza anapiga kofi: simu yake inaanza kuhesabu papo hapo, ya pili inaanza sauti ikishafika. Sasa aliyesimama kwenye simu ya pili anapiga lake, na zote zinasimama kwa mpangilio wa kinyume: ya pili papo hapo, ya kwanza sauti ikishafika. Toa muda mdogo kwenye mkubwa. Tofauti hiyo ni muda wa sauti kwenda mita 10, na kwa joto la mchana itakuwa kama milisekunde 29. Gawanya 10 kwa 0.029 mpate karibu 345. Nimeona darasa zima likisimama lilipotokea jibu hilo, pamoja na yule wa kona. Fanyeni nje, pasipo upepo, na kelele zipungue. Kidato cha Pili wakipita wakiimba, namba zitaharibika.

Kujua nani ameelewa ndiko kunakotuumiza katika madarasa makubwa. Kahoot ya Norway inapendeza kwenye semina, lakini kila mwanafunzi anatakiwa awe na kifaa na mtandao, kwa hiyo kwenu iwekeni pembeni. Tumieni Plickers. Kila mwanafunzi anapewa karatasi yenye mchoro mweusi wa peke yake, kama QR. Karatasi ina pande nne, A, B, C na D. Anaigeuza upande wa jibu lake uwe juu na kuinyanyua. Wewe unapitisha kamera ya simu yako darasani, na programu inasoma majibu ya wote kwa sekunde chache. Jirani hawezi kunakili kwani herufi zimeandikwa ndogo mno na michoro haifanani. Inahitaji bando la simu moja tu, nalo dogo. Toleo la bure lina mipaka ya idadi ya maswali, nayo yanatosha mwisho wa kipindi. Seti kubwa ya karatasi ina 63, nanyi ni 64; wawili washirikiane, au mtoro mmoja atawasaidieni. Zichapisheni kwenye karatasi ngumu, msiweke nailoni inayong'aa maana mwanga wa dirisha unairudishia kamera na mchoro hausomeki.

Umeniuliza juu ya kufundisha, lakini naijua wiki ya kusahihisha. Maswali ya kuchagua yanaweza kusahihishwa kwa kamera ya simu kupitia ZipGrade, nayo husoma karatasi bila mtandao. Toleo la bure lina kikomo cha karatasi kwa mwezi. Kwa matokeo, jedwali la Excel au LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure, linatosha. Ukitaka madaraja ya sekondari, 75 kwenda juu A, 65 B, 45 C, 30 D na chini ya hapo F, walimu wengi huandika hivi, B2 ikiwa kisanduku cha alama:

=IF(B2>=75,"A",IF(B2>=65,"B",IF(B2>=45,"C",IF(B2>=30,"D","F"))))

Fomula hii ina mtego ambao umeaibisha shule zaidi ya moja. Mwanafunzi asipofanya mtihani, mwalimu huandika ABS, yaani hakuwepo, kwenye kisanduku. Excel inahesabu kwamba neno lolote ni kubwa kuliko namba yoyote. Kwa hiyo aliyetoroka mtihani anapata A. Nawe ukikiacha kisanduku kitupu, anahesabiwa 0 na kupewa F, nayo si haki pia. Izungushie ukaguzi:

=IF(ISNUMBER(B2),IF(B2>=75,"A",IF(B2>=65,"B",IF(B2>=45,"C",IF(B2>=30,"D","F")))),"ABS")

Matokeo yakishatoka, msiyapige picha na kuyatupa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi yakiwa na majina yote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na alama za mtoto ni taarifa zake. Kila mzazi atumiwe za mwanawe. Hata pasingekuwa na sheria, mama wa aliyeshika namba 64 anasoma kundi hilo akiwa sokoni na wenzake.

Programu za akili unde kama ChatGPT mtazitumia, sitajifanya sijui. Zifae kutunga rasimu ya maswali 20, halafu wewe utupe 12. Usiiachie itengeneze majibu ya mwongozo wa kusahihishia bila kuyakokotoa mwenyewe. Kwenye Hisabati huteleza huku ikizungumza kwa uhakika wa mchungaji. Na jina la mwanafunzi lisiingie humo.

Kinachoua mradi kama wenu mara nyingi si ubovu wa kifaa. Ni dakika. Kipindi ni dakika 40. Ufunguo wa stoo uko kwa mkuu wa shule, mkuu yuko wilayani, ekstensheni imeazimwa na mpishi, na HDMI hakuna anayejua iliko. Zikipita dakika 15, mwalimu anachukua chaki, na wiki ijayo hata haulizi. Vifaa vyote vikae kwenye sanduku moja lenye kufuli, funguo ziwe mbili, na kila mkondo uwe na wanafunzi wawili, mmoja msichana, waliofundishwa kufunga na kufungua. Wapimeni kwa saa. Wakifikia dakika 4, mmefaulu. Orodha ya vilivyomo ibandikwe ndani ya kifuniko. Na fleshi iliyotoka steshenari kuchapisha mitihani isichomekwe kwenye kompyuta ya darasani. Tengeni moja ya shule isiyotoka nje, maana virusi vingi shuleni huingia kwa mlango huo.

Umeme ukikatika katikati ya somo uwe na cha kuendelea nacho. Kwenye andalio la somo, pembeni ya kila hatua inayotumia projekta, andika kwa penseli utakachofanya ubaoni. Mimi huandika herufi "G", giza.

Mwisho ni manunuzi. Fedha zikiingia akaunti ya shule, mtapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa njia ya mtandao, kama manunuzi mengine ya umma, kwa hiyo ongea mapema na mhasibu. Ombi likiandikwa "projekta 1", mtaletewa ile nyeupe ya kwapani, na mzabuni atakuwa hana kosa. Andikeni hivi: projekta yenye lumeni zisizopungua 3,000 za ANSI au ISO 21118, tundu la HDMI na VGA, taa yenye saa zisizopungua 4,000, taa ya akiba inayopatikana nchini na bei yake itajwe, dhamana ya mwaka 1. Mstari mwingine useme kwamba kifaa kitajaribiwa shuleni kabla ya kupokelewa. Jaribio lenyewe lifanyike saa 4 asubuhi, madirisha wazi, ukuta umeshapakwa rangi, ukurasa wenye maandishi ya kawaida ukiwa ukutani. Kamati ya mapokezi isisaini hadi aliyekaa dawati la kona asome mstari wa mwisho kwa sauti. Na msomaji huyo asiwe mwalimu, awe mmoja wa wale watoro.